Bima kwa ofisi ndogo ya usanifu majengo: mwongozo kamili kuanzia mkataba hadi siku ya kudaiwa

Wasanifu wengi wenye ofisi ndogo wana bima. Wanalipa ada kila mwaka, wanaambatanisha cheti kwenye zabuni, kisha siku mteja anapoleta barua ya wakili wanaambiwa kwamba kampuni ya bima haitalipa. Sababu hujirudia kila mara: mkataba uliahidi jambo ambalo bima hailigusi, taarifa ilichelewa, au fomu ya maombi ilijazwa haraka na kuacha pengo.

Mwongozo huu unashughulikia sababu hizo tatu. Hatua zimepangwa kwa mpangilio maalumu, na ya mkataba imetangulia ya kununua bima kwa makusudi. Ukinunua kwanza na kusoma mkataba baadaye, utakuwa umelipia kinga isiyolingana na ahadi zako.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Mikataba yote ya kazi zinazoendelea, pamoja na ya kazi zilizokwisha ambazo bado unaweza kudaiwa kisheria.
- Orodha ya miradi: aina ya jengo, thamani ya ujenzi, ada yako, tarehe ya kuanza na ya kukabidhi.
- Hati yako ya bima ikiwa kamili, na viambatanisho vyake vyote. Cheti cha ukurasa mmoja hakitoshi, kwa sababu masharti yanayokunyima malipo hayaandikwi humo.
- Nakala ya fomu ya maombi uliyojaza mara ya mwisho.
- Mapato ya ada ya miaka mitatu iliyopita, yakigawanywa kwa aina ya kazi.
- Vyeti vya bima vya wahandisi na wataalamu wengine uliowapa kazi wewe mwenyewe.
- Dalali wa bima anayeujua ujenzi, na mwanasheria wa mikataba unayeweza kumuuliza swali fupi bila kusubiri mwezi mzima.

Kama hati kamili huna, iombe leo kwa dalali wako. Usiendelee na hatua ya tano bila hiyo.

## Hatua ya 1: Andika ni wapi unaweza kudaiwa

Chukua mradi mmoja baada ya mwingine na uandike nusu ukurasa kwa kila mmoja. Kosa la mchoro ndilo hukumbukwa kwanza, lakini madai hutoka sehemu nyingi: makadirio ya gharama yaliyozidiwa mbali, hati ya malipo iliyosainiwa kwa kazi ambayo mkandarasi hakuifanya, kibali kilichochelewa, kifaa cha ujenzi ulichokipendekeza kikaharibika mapema, au mhandisi uliyemwajiri wewe akakosea mahesabu.

Jiulize maswali matatu. Nani anaweza kuumia au kupoteza fedha? Ahadi gani niliyotoa inanihusisha na hasara hiyo? Na je, nina maandishi yanayoonyesha nilifanya nini?

Usisahau ushauri wa bure. Mchoro uliomchorea ndugu bila malipo, au neno ulilomwambia jirani kuhusu kuvunja ukuta, vinaweza kukuletea dai sawasawa na kazi ya kulipwa. Mahakama huangalia kama mtu aliutegemea utaalamu wako na kama ilikuwa haki autegemee. Risiti si lazima iwepo.

Hatua hii imekamilika ukiweza kutaja, bila kufungua faili, miradi mitatu inayokuweka hatarini kuliko mingine na sababu yake.

## Hatua ya 2: Safisha mkataba kabla ya kufikiria bima

Ofisi ndogo nyingi hupotezea kinga yao hapa, kwa hiyo soma taratibu.

Bima ya dhima ya kitaaluma (dhima ni wajibu wa kisheria wa kulipa hasara) kwa kawaida hulinda dhidi ya uzembe, yaani kushindwa kutumia ujuzi na uangalifu ambao msanifu mwenzako mwenye sifa angeutumia katika mazingira yaleyale. Mkataba ukikubebesha zaidi ya hapo, kile kilichozidi unakibeba kwa mfuko wako. Hati nyingi za bima husema wazi kwamba dhima uliyoikubali kwa mkataba tu, ambayo sheria isingekubebesha bila mkataba huo, haimo.

Tafuta maneno haya kwenye kila mkataba unaoletewa:

"Jengo litafaa kwa matumizi yaliyokusudiwa." Hapa unadhamini matokeo. Paa likivuja ingawa ulilisanifu kama msanifu yeyote makini angelisanifu, mteja hahitaji kuthibitisha uzembe wowote. Kampuni ya bima nayo itasema hapakuwa na uzembe, basi hapana malipo. Badilisha isomeke: "Msanifu atatumia ujuzi na uangalifu wa kadiri unaotarajiwa kwa msanifu mwenye sifa anayefanya kazi ya aina na ukubwa huu."

"Kwa kiwango cha juu kabisa cha taaluma." Maneno haya yanavutia, lakini yanakupima kwa kipimo cha bingwa wa dunia. Yafute.

"Msanifu atasimamia ujenzi." Anayesimamia mafundi, mbinu za kazi na usalama wa saiti ni mkandarasi. Wewe unatembelea. Andika: "atakagua kazi kwa vipindi vilivyokubaliwa ili kuona kama kwa ujumla inafuata michoro," kisha utaje idadi ya ziara zilizomo kwenye ada. Ziara zisipotajwa, wakili wa upande wa pili atauliza kwa nini hukuwepo siku zege lilipomwagwa.

"Msanifu atamkinga mteja dhidi ya hasara zote zinazotokana na mradi." Neno "zote" linaingiza hasara zilizosababishwa na mkandarasi, na hata za mteja mwenyewe. Kinga hiyo iishie kwenye hasara iliyosababishwa na uzembe wako, na kwa kiasi ilichosababishwa nao.

Fidia iliyopangwa kwa kila siku ya kuchelewa. Hii ni ya mkandarasi. Ikiletwa kwako, ikatae, kwa sababu bima za kitaaluma kwa kawaida huitenga.

Ukishafuta, ongeza. Vifungu vinne vinaisaidia ofisi ndogo kuliko vingine vyote:

1. *Kikomo cha dhima.* Taja kiasi cha juu unachoweza kudaiwa kwa mradi mzima, na kisizidi kikomo cha bima yako.
2. *Kila mtu abebe sehemu yake.* Katika nchi nyingi, watu wawili waliosababisha hasara moja wanaweza kudaiwa yote, yeyote kati yao. Mkandarasi akifilisika, mteja humgeukia aliyebaki na bima, na mara nyingi huyo ni msanifu. Kifungu kinachosema utalipa tu sehemu inayolingana na kosa lako kinaufunga mlango huo, pale sheria inaporuhusu.
3. *Mwisho wa muda wa kudaiwa.* Fahamu sheria ya nchi mradi ulipo, maana tofauti ni kubwa. Uingereza, mkataba wa kawaida huacha mlango wazi kwa miaka 6, na ukisainiwa kwa hati rasmi ya ahadi huwa miaka 12. Namna ya kusaini tu imeongeza muda maradufu. Ufaransa, sheria ya mwaka 1978 inawafunga wajenzi na wasanifu kwa miaka 10 tangu jengo lipokelewe, na bima ni lazima. Misri pia ina dhima ya miaka 10 kwa msanifu na mkandarasi jengo linapoanguka au kuwa na kasoro inayotishia uimara wake.
4. *Kazi zisizomo.* Orodhesha usizozifanya: uchunguzi wa udongo, mahesabu ya miundo, usalama wa saiti, utambuzi wa vifaa hatari vilivyomo kwenye jengo la zamani. Usipoandika, mteja hudhani zimo.

Mteja mkubwa atakwambia mkataba wake haubadiliki. Mjibu kwa hoja ya fedha: ofisi yenye watu wanne ikitoa ahadi isiyo na bima nyuma yake, ahadi hiyo ina thamani ya meza na kompyuta zilizomo ofisini. Ikitoa ahadi inayokubalika na bima, nyuma yake kuna kikomo kizima cha kampuni ya bima. Maneno laini yanampa mteja ulinzi zaidi. Wanasheria wa wateja huelewa hoja hii haraka kuliko wasanifu wanavyodhani.

Asipokubali, mtumie dalali kifungu hicho na uombe jibu la maandishi kabla ya kusaini: je, kimo au hakimo? Ukisaini ukijua hakimo, fanya hivyo kwa uamuzi, na ada iakisi hatari uliyoibeba.

Umefanikiwa ukiweza kuweka mkataba na hati ya bima mezani pamoja, ukapita kifungu kwa kifungu bila kukuta ahadi isiyo na kinga usiyoijua.

## Hatua ya 3: Chagua bima zinazokuhusu

*Bima ya dhima ya kitaaluma* ndiyo mhimili. Inalipa fidia na gharama za utetezi pale kazi yako ya kitaalamu inapodaiwa kuleta hasara.

*Bima ya dhima kwa umma* ni jambo jingine. Mgeni akiteleza kwenye ngazi za ofisi yako, au ukiangusha kifaa cha kupimia kwenye gari la mtu, hii ndiyo inayofanya kazi. Kwa kawaida haigusi kosa la mchoro, na wapo wanaoinunua hii peke yake wakiamini wamekingwa kote.

*Bima ya wafanyakazi* ni ya lazima kisheria katika nchi nyingi. Uliza kama inawahusu wanafunzi wa mafunzo kazini unaowapeleka saiti.

*Bima ya ofisi na vifaa*, na *bima ya mashambulizi ya mtandao*, zinafuata. Hii ya pili imekuwa na maana zaidi tangu matapeli waanze kuingilia barua pepe za miradi na kubadilisha namba za akaunti kwenye ankara.

Bima ya jengo linalojengwa, ile inayochukuliwa na mkandarasi au mteja kwa ajili ya moto, wizi na kubomoka wakati wa ujenzi, kwa kawaida huwa haimo mikononi mwako. Kazi yako ni kuhakikisha mkataba wa ujenzi unasema nani anaichukua. Usiandike barua ya kumwambia mteja kwamba "inatosha". Mwelekeze kwa dalali wake, kwa kuwa ushauri wa bima si taaluma yako na ukikosea utadaiwa kwa hilo pia.

## Hatua ya 4: Pima kikomo na sehemu utakayojilipia

Ada yako haikuambii chochote kuhusu ukubwa wa hasara. Kazi ya ada ndogo kwenye jengo kubwa inaweza kuleta dai linalozidi mapato yako ya miaka kumi. Anza na swali hili: kwenye mradi wangu mbaya kuliko yote, kurekebisha kosa baya linaloweza kutokea kungegharimu kiasi gani? Weka gharama ya kubomoa, kujenga upya, wapangaji kuhama, na mawakili.

Kisha soma jinsi kikomo kinavyohesabiwa. Tuseme ni 500,000 kwa fedha unayotumia, na mwaka huu umeletewa madai matatu ya 200,000 kila moja. Kikomo kikiwa ni *kwa kila dai*, yote matatu yamo. Kikiwa ni *jumla ya mwaka*, dai la tatu linakuta 100,000 tu, na 100,000 nyingine ni yako. Bei za hati hizi mbili hutofautiana kwa sababu hiyo, na kulinganisha ada bila kutazama hapa ni kulinganisha vitu viwili visivyofanana.

Uliza pia kama gharama za mawakili zimo ndani ya kikomo au zinalipwa juu yake. Zikiwa ndani, kesi iliyokula 150,000 inaacha 350,000 za fidia.

Sehemu ya kujilipia ni kiasi unachotoa mwenyewe kabla ya bima kuanza kulipa. Kuikubali kubwa hupunguza ada, ila iwe kiasi unachoweza kukitoa ndani ya mwezi mmoja bila kukopa, tena mara mbili kwa mwaka. Uliza kama inatumika kwenye gharama za utetezi au kwenye fidia pekee.

## Hatua ya 5: Soma hati kama mtu anayetafuta sababu ya kukataa

Kabla ya kulipa, omba rasimu ya hati yenyewe na utazame sehemu hizi.

Bima ya mwaka gani itajibu? Bima za kitaaluma karibu zote hufuata siku dai lilipoletwa. Mchoro uliochorwa miaka minane iliyopita ukidaiwa leo, bima ya leo ndiyo inayojibu. Ile ya wakati ule haihusiki tena. Kwa hiyo kuacha bima mwaka mmoja kunaiacha wazi kazi yako yote ya nyuma kwa madai yatakayoletwa mwaka huo.

Tarehe ya kurudi nyuma. Kazi iliyofanyika kabla ya tarehe hii haimo. Ukihamia kampuni nyingine ya bima, wanaweza kuweka tarehe ya siku uliyojiunga nao, na kwa mstari mmoja ukapoteza kinga ya kazi zote za zamani. Dai tarehe ileile uliyokuwa nayo, au isiwepo kabisa.

Majina. Je, jina la ofisi la zamani limo? Washirika waliostaafu? Wachoraji wa kujitegemea unaowalipa kwa kazi? Kampuni ya ubia uliyoiunda na ofisi nyingine kwa ajili ya zabuni moja?

Mipaka ya nchi na mahakama. Kazi iliyofanyika nje ya nchi inaweza kuwa imetengwa, na kesi zinazofunguliwa Marekani hutengwa mara nyingi.

Vilivyotengwa. Tazama uchafuzi, asbesto, dhamana za matokeo, makadirio ya gharama, na usalama wa moto. Hili la mwisho lilibadilika sana Uingereza baada ya moto wa Grenfell Tower, jengo la ghorofa la makazi jijini London, Juni 14, 2017, ulioua watu 72. Kampuni nyingi za bima huko zilianza kupunguza au kuondoa kinga ya madai ya moto kwenye bima za wasanifu. Ukikuta kifungu cha namna hiyo, uliza: je, nimebaki na kinga ya gharama za utetezi tu? Ni kwa jumla ya mwaka? Majeruhi wamo?

Mkabidhi dalali maswali yako kwa maandishi na utunze majibu yake pamoja na hati.

## Hatua ya 6: Jaza fomu ya maombi bila kuficha

Mkataba wa bima unasimama juu ya ukweli wa anayekingwa. Ukificha jambo ambalo lingebadilisha ada au uamuzi wa kampuni, wanaweza kupunguza malipo, au kuifuta bima kana kwamba haikuwepo.

Swali gumu ni lile linalouliza kama unajua tukio lolote linaloweza kuzaa dai. Usilijibu peke yako. Waulize wote ofisini, hata mchoraji aliyejiunga juzi: kuna mteja aliyelalamika? Kuna ufa ulioonekana? Kuna mkandarasi aliyesema mchoro una kosa? Waombe wajibu kwa maandishi, kisha ujaze.

Aina za kazi nazo ziwe za kweli. Ukiandika "makazi" wakati theluthi ya mapato ni viwanda, umeshaipa kampuni sababu. Kazi ikibadilika katikati ya mwaka, kwa mfano umepata hospitali kwa mara ya kwanza, mpe taarifa dalali usisubiri mwaka uishe.

## Hatua ya 7: Endesha mradi ukijua utaulizwa baada ya miaka

Kesi za ujenzi huamuliwa kwa karatasi. Kumbukumbu ya mtu hufifia, na aliyeandika siku ileile huaminiwa kuliko anayejieleza baada ya miaka sita. Mambo haya yafanyike kwenye kila kazi, hata ndogo.

Baada ya kila simu yenye uamuzi, tuma barua pepe ya mistari mitatu siku hiyohiyo: "Kama tulivyozungumza leo, umeamua kutoweka tabaka la kuzuia maji kwenye chumba cha chini ili kupunguza gharama. Nilishauri liwekwe kwa sababu ya hatari ya unyevu kupenya. Nitabadilisha mchoro kesho isipokuwa utanielekeza vingine." Barua ya namna hii inatosha kubadili mkondo wa dai zima.

Kila mchoro uwe na namba ya toleo, tarehe, na rejista inayoonyesha ulitumwa kwa nani.

Michoro ya kiwandani inayoletwa na mkandarasi isipigwe muhuri kwa mazoea. Julai 17, 1981, njia mbili za kupita zilizoning'inizwa ndani ya hoteli ya Hyatt Regency huko Kansas City, Marekani, zilianguka na kuua watu 114. Usanifu wa awali ulikuwa na fimbo ndefu za chuma zilizopita kwenye njia ya juu hadi ya chini. Wakati wa utengenezaji kila fimbo iligawanywa kuwa mbili, na mzigo kwenye kiungio cha njia ya juu ukawa maradufu. Michoro hiyo ilipita na muhuri bila mahesabu mapya ya kiungio. Kwa hiyo muhuri wako useme umekagua nini na hukukagua nini, na jambo lolote la kimuundo lipelekwe kwa mhandisi miundo, ajibu kwa maandishi, kabla halijarudi kwa mkandarasi.

Kubadilisha vifaa ili kupunguza gharama ni hatari ileile. Pale Grenfell, paneli za zinki zilizopendekezwa mwanzoni ziliondolewa na kuwekwa za alumini zenye kiini cha plastiki kinachowaka, na kupunguza gharama kulikuwa sehemu ya uamuzi huo. Ukiletewa kifaa mbadala, dai ripoti ya majaribio ya kifaa hichohicho kikiwa kimefungwa kwa namna hiyohiyo. Kipeperushi cha muuzaji si ushahidi. Usiporidhika, sema hapana kwa maandishi.

Wataalamu wengine ni bora waajiriwe na mteja moja kwa moja. Ikilazimu uwaajiri wewe, mikataba yao ifanane na wako, kikomo chao cha bima kilingane na hatari yao, na uombe cheti kipya kila mwaka hadi muda wa kudaiwa uishe. Mhandisi asiye na bima aliye chini ya mkataba wako maana yake bima ni yako.

Na kagua faili kila baada ya miezi mitatu. Mtu asiyefanya kazi kwenye mradi ule aufungue na atafute mkataba uliosainiwa, toleo la mwisho la michoro, na uamuzi mmoja mkubwa wa mteja. Akivipata vyote bila kumuuliza mtu, mfumo wako unafanya kazi.

## Hatua ya 8: Toa taarifa mapema, hata kama unaona aibu

Usisubiri hati ya mahakama. Karibu kila hati ya bima inataka taarifa ya *tukio linaloweza kuzaa dai*, na ndani ya muda maalumu au haraka iwezekanavyo. Faida yake ni kubwa: ukishatoa taarifa ndani ya mwaka huu wa bima, dai likija hata miaka mitatu baadaye kwa kawaida hurudi kwenye bima ya mwaka huu. Usipotoa, na bima ikahuishwa, kampuni ya sasa itasema ulijua na ukanyamaza, na ya zamani itasema mwaka wake umefungwa.

Dalili za kutolea taarifa ni kama hizi: mteja ameandika "tutakuwajibisha", umegundua kosa mwenyewe, hata kama hakuna mwingine aliyeliona, mkandarasi amedai malipo ya ziada akitaja michoro yako, mteja amekataa kulipa ada kwa sababu ya ubora wa kazi, mtu ameumia saiti.

Hiyo ya ada inahitaji uangalifu wa pekee. Msanifu anapompeleka mteja mahakamani kwa ada isiyolipwa, jibu la kawaida ni dai la kupinga kwamba kazi ilikuwa na kasoro. Kabla ya kutuma barua ya wakili kudai ada, pitia faili, uone kama kuna malalamiko, na umweleze dalali.

Barua ya taarifa iwe fupi na yenye ukweli mtupu:

> Tunatoa taarifa ya tukio linaloweza kuzaa dai chini ya bima namba ____. Mradi: ____. Mteja: ____. Tarehe tuliyofahamu: ____. Kilichotokea: nyufa zimeonekana kwenye ukuta wa mashariki, na mteja ameandika barua (imeambatanishwa) akihusisha nyufa hizo na usanifu. Watu wanaoweza kudai: mteja, mkandarasi, wamiliki wa baadaye. Hatujakiri kosa lolote. Tunaomba uthibitisho wa kupokea taarifa hii na maelekezo.

Pata uthibitisho wa maandishi. Barua iliyotumwa bila jibu, ifuatilie hadi ijibiwe.

Kuanzia hapo, usikiri kosa, usiahidi kulipa, usipunguze ada kama namna ya kuomba radhi, na usitengeneze kwa gharama yako kabla kampuni haijakubali. Masharti ya hati hukataza haya, na ukiyavunja unaweza kupoteza kila kitu. Vilevile usifute barua pepe wala kurekebisha michoro ya zamani, ihifadhi ilivyo.

Hii haimaanishi umpe mteja kisogo. Mwambie ukweli unaoruhusiwa: "Nimepokea barua yako, naichukulia kwa uzito, nimeanza kuishughulikia, na nitakujibu ifikapo Ijumaa." Kama kuna hatari ya watu kuumia, usalama unatangulia: waonye wote wanaohusika mara moja, kwa maandishi, na uijulishe kampuni ya bima saa hiyohiyo. Hakuna sharti la bima linalostahili kusubiriwa huku ukuta ukiwaelemea watu.

## Hatua ya 9: Huisha kwa wakati, na panga kufunga

Anza mazungumzo ya kuhuisha wiki nane kabla ya tarehe ya mwisho. Ukianza wiki ya mwisho utakubali lolote utakalopewa. Siku chache kabla ya bima kuisha, rudia lile swali la hatua ya sita kwa ofisi nzima, na kila kinachotajwa kitolewe taarifa *kabla* ya saa ya mwisho ya bima ya zamani. Usibadilishe kampuni kwa tofauti ndogo ya ada bila kulinganisha tarehe ya kurudi nyuma, kikomo na vilivyotengwa.

Siku utakayofunga ofisi, kustaafu au kuungana na wengine, madai hayafungi pamoja nawe. Utahitaji bima ya kipindi cha baada ya kazi, inayoendelea kujibu madai ya kazi za zamani hadi muda wa kisheria uishe. Ada yake mara nyingi hupungua kadiri miaka inavyopita, ila miaka ya mwanzo ni ghali, kwa hiyo anza kuitengea fedha miaka kadhaa kabla. Kwenye kuungana, makubaliano yaseme bayana nani ananunua kinga ya kazi za ofisi ya zamani na kwa miaka mingapi.

Kama ofisi ni ya mtu mmoja, andika ukurasa mmoja wenye namba ya bima, jina la dalali, mahali faili zilipo na tarehe ambayo kila mradi utaacha kudaika, kisha umkabidhi mtu wa familia au mshirika unayemwamini. Katika nchi nyingi dai linaweza kuelekezwa kwenye mirathi ya msanifu, na warithi wasiojua pa kupeleka taarifa hawataweza kuitoa kwa wakati.